Kuokoa kanda za Krismasi alizotuachia baba

Kama kwenu kuna kanda za kaseti zenye nyimbo za Krismasi, na aliyezirekodi ameshatangulia au umri umemwendea, zitoe zilipo wiki hii hii. Kaseti ziliingia sokoni mwaka 1963 na zikatamba majumbani hadi miaka ya 1990. Kanda nyingi zenye sauti za wazazi wetu sasa zina miaka 30 au 40, utepe wake unachoka, na mashine za kuzipiga zinaadimika mwaka hadi mwaka. Sisi tulianza kazi hii baada ya msiba wa baba, na mambo mengi tuliyajua tukiwa tumeshafika katikati. Nayaandika ili wewe uyajue mapema.

Baba aliimba besi kwenye kwaya na kupiga gitaa kidogo. Alikuwa na redio ya kaseti yenye vitufe vizito, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Desemba ilipokaribia alianza kuwinda nyimbo: anaweka kanda, anabonyeza REC na PLAY kwa pamoja, anakaa kando ya redio akimsubiri mtangazaji anyamaze. Ndiyo maana nyimbo zake nyingi hazina mwanzo. Nyingine alizinakili kutoka kwenye santuri za kuazima, nyingine ni mazoezi ya kwaya, na nyingine ni sisi wenyewe sebuleni. Kwenye karatasi ya kila jalada aliandika kwa wino wa bluu upande upi una nini, na kwenye baadhi aliongeza neno moja kwa herufi kubwa: USIFUTE.

Desemba ya kwanza bila yeye, kaka yangu mkubwa alitoa wazo ambalo wengi wetu tulilikubali. Kwa nini tuhangaike na kanda wakati nyimbo zote hizo zipo kwenye intaneti, tena zikiwa safi? Akaandaa orodha kwenye simu, akaiunganisha na spika, tukakaa. Mama alisikiliza wa kwanza, akasikiliza wa pili, akatikisa kichwa.

"Wimbo ni wenyewe," alisema, "lakini siyo huu."

Tulidhani ni majonzi. Baadaye tulipolinganisha tukakuta mama alikuwa sahihi kabisa. Kaka alikuwa amechukua "Mary's Boy Child" ya Harry Belafonte, ya mwaka 1956, ya taratibu. Kwenye kanda ya baba uliopo ni wa Boney M. wa mwaka 1978, ule uliounganishwa na "Oh My Lord", ambao nyumbani kwetu ndio uliotuinua vitini. Jina moja, maneno karibu yale yale, lakini kwa mama huo mwingine ulikuwa wimbo wa watu wengine. Na mambo ya namna hii ni mengi kuliko tunavyofikiri. "White Christmas" ya Bing Crosby ilirekodiwa mwaka 1942, ikanakiliwa kwa wingi mno hata bamba mama la kutolea santuri likachakaa, akaitwa studio kuirekodi upya mwaka 1947. Huo wa pili ndio watu wengi wanaousikia hadi leo. Kwa hiyo ukitafuta mtandaoni wimbo aliokuwa akiupenda mzazi wako, usiridhike na jina la wimbo na la mwimbaji. Tazama mwaka wa kurekodiwa, linganisha urefu wa dakika na sekunde, sikiliza vyombo vinavyoufungua. Wasanii wengi walirudia kurekodi nyimbo zao zilizovuma, na marudio hayo hukaa kwenye orodha bila maelezo yoyote.

Nimekaa sana hapa kwa sababu kila tulichofanya baadaye kilitegemea jambo hili. Kumbukumbu inang'ang'ania rekodi fulani, iliyosikika saa fulani, na watu fulani wakiwa chumbani. Mtunzi alikusudia nini, hilo halihusiani sana. "Jingle Bells" ilichapishwa mwaka 1857 na ndani yake Krismasi haitajwi hata mara moja. "Haleluya" ya mtunzi Handel inafunga sehemu ya pili ya "Messiah", utunzi wake mrefu wa kwaya na vyombo, baada ya habari za kuzaliwa kupita zamani, na kazi hiyo ilisikika hadharani kwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, mbali kabisa na Desemba. Lakini mimi nikisikia zile "Haleluya" za kwanza naona asubuhi ya Krismasi, baba akifunga vifungo vya shati huku anaifuata besi kwa kuguna. Hakuna atakayenishawishi kwamba ni wimbo wa wakati mwingine.

Basi tukaamua kuzigeuza kanda zenyewe ziwe za kidijitali. Kanda ya kwanza tuliipeleka kwa mtu anayefanya kazi hiyo kwa malipo. Akarudisha faili zenye majina mazuri, kila wimbo na faili lake. Tulipofungua tukakuta ameondoa ule mvumo wa kaseti kwa programu, akakata vipande vyote vya kimya, na pamoja na kimya akakata maneno yote yaliyokuwa katikati ya wimbo na wimbo. Alifanya alichoona ni kazi nzuri. Sisi ndio hatukumwambia tunataka nini, na yeye hakuuliza.

Hasara ilionekana zaidi kwenye "Usiku Mtakatifu". Wimbo huu ulisikika mara ya kwanza mkesha wa Krismasi wa mwaka 1818 kule Oberndorf, Austria: padre Joseph Mohr, aliyeandika maneno, na mwalimu Franz Xaver Gruber, aliyetunga sauti, waliuimba watu wawili kwa gitaa. Kwenye kanda yetu ni watu wawili kwa gitaa pia, baba na shangazi. Kwenye faili la yule mtaalamu baba alisikika kama anaimba ndani ya ndoo. Pumzi zake kabla ya kila mstari zilikuwa zimefutwa pamoja na mvumo, na ule mkwaruzo wa vidole vikiteleza kwenye nyuzi za gitaa ulikuwa umegeuka mlio wa ajabu kama wa maji. Tukarudi kwenye kanda yenyewe, ambayo kwa bahati ilirudi salama. Kabla ya ubeti wa kwanza kuna sauti ya mtoto inauliza, "Imeanza?" na baba anajibu kwa kunong'ona, "Imeanza, nyamaza." Huyo mtoto ni mdogo wangu, ambaye sasa ana watoto wake. Hilo lote lilikuwa limekatwa.

Ukimpa mtu kanda zako, mwambie, na ikiwezekana mwandikie: nakili upande mzima tangu mwanzo hadi mwisho, usikate, usisafishe, nipe faili ghafi. Usafi unaweza kufanywa baadaye kwenye nakala, na ukiuchukia unaifuta nakala hiyo. Kilichoondolewa kwenye faili la pekee hakirudi.

Baada ya hapo tukafanya wenyewe, na hapa nitaeleza kwa kirefu kidogo.

Kabla ya kupiga chochote, tazama ukingo wa kaseti ulio upande wa pili wa pale utepe unapoonekana. Kuna vibanzi viwili vya plastiki, kimoja kwa kila upande wa kanda. Kibanzi kikivunjwa, redio inakataa kurekodi upande huo. Baba alikuwa amevivunja kwenye kanda chache tu. Tukavunja vilivyobaki vyote, maana REC ikibonyezwa kwa bahati mbaya inafuta palepale. Kisha angalia kisponji kidogo kilicho nyuma ya utepe, katikati. Gundi yake hukauka kikadondoka, na bila hicho sauti inafifia. Kinaweza kutolewa kwenye kaseti isiyo na thamani na kubandikwa kwenye yako.

Kanda iliyolala miaka mingi isipigwe kabla ya kusokotwa. Zungusha kwa kalamu mizunguko michache uone kama inakwenda bila kukwama, halafu ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe hadi mwanzo, ndipo usikilize. Na deki ngeni, yaani mashine ya kupigia kaseti, ijaribiwe kwa kanda ambayo ikipotea hutaumia. Deki ya kuazima tuliyoanza nayo ilikula kanda ya masomo ya lugha dakika chache baada ya kuwashwa. Utepe ulijiviringisha kwenye kigurudumu cha mpira ukatoka umekunjamana. Namshukuru Mungu ilikuwa ya masomo. Jihadhari zaidi na zile zilizoandikwa C120 (namba hiyo ni jumla ya dakika za pande zote mbili). Utepe wake ni mwembamba kuliko wa C60 na C90, unanyooka na kukatika upesi.

Hedi ya deki, yaani kile kipande cha chuma kinachosoma utepe, safisha kwa kijiti cha pamba chenye alkoholi safi ya aisopropili, pamoja na kile kijiti cha chuma kinachouvuta utepe. Pamba inatoka na uchafu wa kahawia, ambao ni unga uliobanduka kwenye kanda. Rudia kila baada ya kanda chache. Kigurudumu cha mpira tulikipangusa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo tu, kwa kuogopa alkoholi isikikaushe.

Jambo lililonishangaza kuliko yote lilihusu mashine. Tulikuwa tumenunua deki ya mkono wa pili, nzuri, nzito, na bado mazoezi ya kwaya yalisikika mazito, soprano zimefunikwa. Fundi mmoja mzee wa redio akatuuliza swali moja: zilirekodiwa kwenye mashine gani? Akaeleza kwamba hedi ya kila mashine hukaa kwa pembe yake, na kanda iliyorekodiwa kwenye hedi iliyolala kidogo hivi, ikisomwa na iliyolala kidogo vile, hupoteza sauti za juu. Tukaitoa redio ya baba. Haikuwa inazunguka. Ndani, ule mkanda wa mpira unaoendesha magurudumu ulikuwa umeyeyuka umekuwa utomvu mweusi. Fundi akasafisha, akaweka mkanda mpya, redio ikaamka. Soprano zikatokea zote. Kwa hiyo msitupe redio ya marehemu hata kama imekufa. Huenda ndiyo pekee inayozisoma vizuri kanda zake. Ikiwa haipo, fundi anaweza kuzungusha ile skrubu ndogo iliyo kando ya hedi hadi sauti ifunguke, lakini afanye hivyo kwa kanda moja moja na kwa mkono mwepesi.

Kwenye kompyuta tulitumia programu ya Audacity, ambayo ni ya bure. Waya utoke LINE OUT ya deki, yaani tundu la kutolea sauti, au tundu la hedifoni kama redio yenu haina LINE OUT, uingie kwenye kidude cha USB chenye tundu la kuingizia sauti. Tundu la maikrofoni la kompyuta ya mkononi halifai: limetengenezewa sauti dhaifu, kwa hiyo muziki unapasuka, na mara nyingi unapata upande mmoja tu. Sauti kubwa kuliko zote kwenye kanda iishie karibu na desibeli 6 chini ya sifuri ya kipimo cha sauti kwenye programu. Ikigonga sifuri inakatwa kichwa na haitengenezeki. Tulihifadhi kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti, sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24. Upande mmoja wa C90, dakika 45, unachukua karibu megabaiti 780. Za kusikiliza kwenye simu tulitoa nakala za MP3.

Gharama kubwa ya kazi hii ni muda. Dakika 45 za kanda ni dakika 45 za maisha yako, hakuna kuharakisha, na inabidi mtu awepo maana kanda ikianza kuliwa lazima uizime mara moja. Pesa zetu zilikwenda kwenye ile deki, kwa fundi, na kwenye diski ya nje, na nikiangalia nyuma naona deki hatukuihitaji.

Gharama nyingine ni ya moyo, na hiyo sikuandaliwa na mtu. Nilijua nitasikia sauti ya baba akiimba. Sikujua nitamsikia akisafisha koo, akimwita mama kutoka chumba kingine, akijaribu maikrofoni: moja, mbili, moja, mbili. Kuimba kwake nilikumbuka. Namna anavyosema "mbili" nilikuwa nimeshaisahau, na nilipoisikia nilishindwa kuendelea siku hiyo.

Kuna kitu kingine nataka kukutahadharisha nacho, kwa sababu mdogo wangu kilimtisha. Kwenye kanda zilizokaa muda mrefu, hasa mahali penye joto, sumaku ya tabaka moja la utepe hujichapa kwenye tabaka linalofuata. Basi sekunde mbili hivi kabla baba hajaanza kuimba, kwenye kimya, unamsikia kwa mbali sana akiimba neno lile lile. Siyo hitilafu ya kompyuta na siyo mawazo yako. Unaweza kukifuta kwa programu. Sisi tumekiacha.

Ushauri wangu ni kwamba msisikilize peke yenu usiku, na msisikilize zote mfululizo. Tulijipangia kanda moja kwa kikao, wawili wawili, na anayeona amezidiwa anatoka bila kuulizwa.

Halafu ikaja habari ya mama. Kaka alitaka asubuhi ya Krismasi tumshtukize: watu wote wamekaa, ghafla "Usiku Mtakatifu" inaanza, sauti ya baba inajaa sebule. Alikuwa na nia njema kabisa. Shangazi ndiye aliyekataa. Alisema yeye mwenyewe, aliyeimba kwenye kanda hiyo, alipoisikia bila kuambiwa magoti yalimlegea, sembuse mjane, mbele ya wajukuu. Tukamwambia mama wiki kadhaa kabla, tukamwonyesha orodha ya vilivyomo, tukamwachia achague.

Alichagua kusikiliza peke yake kwanza, kwa hedifoni, mlango umefungwa. Alipotoka alisema Krismasi anataka Boney M. na mazoezi ya kwaya, na wimbo wa baba na shangazi usipigwe. Baadhi yetu tuliumia, maana tulikuwa tumeufanyia kazi huo kuliko zote. Lakini siku hiyo mama alicheza. Alicheza na wajukuu hadi akaketi akihema, na kwenye "Haleluya" ya kwaya aliimba sauti ya pili yote bila karatasi. Wimbo wa baba aliuomba mwenyewe miezi kadhaa baadaye, siku ya kawaida, akiwa anakunja nguo. Kila aliyefiwa ana saa yake, na anayeijua ni yeye peke yake. Ukishikilia kuipanga wewe utaugeuza wimbo aliopenda kuwa wimbo anaoukimbia.

Kuhusu kugawa, tahadhari mbili tatu. Kwenye kanda za nyumbani kuna sauti za watu ambao hawakujua kama siku moja wangesikika na ukoo mzima; tulikuta maneno makali kati ya ndugu wawili ambao sasa wanapatana, na kipande hicho hakijatumwa popote. Sikiliza chote kabla hujatuma chochote kwenye kundi la familia. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili, kwa sababu ukituma kama ujumbe wa sauti inabanwa na ubora unashuka. Nyimbo alizorekodi baba redioni tunazisikiliza wenyewe nyumbani, hatuziweki hadharani, zina wenyewe. Nakala ziwe tatu, moja ikae nyumba nyingine. Na kanda zenyewe msizitupe: zisimamishwe wima kwenye majalada yake, mbali na joto na mbali na spika, kwani ndani ya spika kuna sumaku.

Kilichobaki kilikuwa majina. Faili linaloitwa "kwaya upande B" halitamsaidia mjukuu yeyote. Mama na shangazi walikaa na daftari, mimi nikipiga na kusimamisha, wakataja nani anaimba wapi: dakika ya ngapi, sauti gani, alikuwa nani kwetu. Fanyeni hili wazee wakiwa na nguvu, maana hakuna programu itakayowatambua. Walibishana sana, wakacheka, mara mbili wakamkumbuka mtu waliyedhani wamemsahau. Lakini soprano mmoja, anayepanda juu peke yake mwishoni mwa zoezi moja, hawakumjua kabisa. Mama akaomba kipande hicho kitumwe kwa wanakwaya wa zamani walio hai.

Mmoja wao alipiga simu jioni ile ile. Alikuwa analia na kucheka. Alisema ni yeye, na kwamba baba alikuwa na desturi ya kuwanakilia wenzake kanda zake, kwa hiyo anazo za kwake kwenye sanduku, nyingine za Krismasi ambazo sisi hatuna. Alitaka aziweke redioni asikilize usiku huo huo. Mama akamsihi avunje kwanza vibanzi, azisokote kwa kalamu, na asibonyeze kitu chochote hadi tufike na redio ya baba.